Unga uliokula dawa: kisa cha bekari moja ya Mombasa

Mkate niliowekewa mezani ulikuwa umebonyea katikati kama mto uliolaliwa usiku kucha. Chini kidogo ya ganda palikuwa na pango ambalo kidole gumba kiliingia bila kugusa kando. Nilibonyeza nyama ya mkate. Haikurudi, na kidole kilitoka na utando wa gundi. Mwenye bekari, mama wa makamo aliyejifunga leso juu ya buibui, alikuwa ameegemea magunia akinitazama bila neno. Aliyesema ni fundi wake.

"Mwanangu, unga huu una wenyewe."

Mombasa neno hilo halihitaji kufafanuliwa. Lakini mzee yule amekanda unga zaidi ya miaka 40, akianzia tanuri za kuni za Mji wa Kale, na si mtu wa kuwasingizia majini kosa la mizani. Nilimwambia, "Ami, nipe siku tatu." Nilikuwa nimefanya kazi miaka 11 katika maabara ya kinu cha unga kabla ya kuanza kuzungukia bekari ndogo ndogo, na nilishakuwa na fununu ya hao wenyewe ni kina nani.

Shehena tatu

Bekari iko nyuma ya Mwembe Tayari, vyumba viwili na ua. Hutoa boflo za gramu 400 na skonzi, ambazo tuktuk huzichukua alfajiri kuzipeleka Majengo, Tudor na maduka machache ya Kisauni. Wao hukanda gunia zima la kilo 50 kwa mkupuo: maji lita 29, sukari kilo 2, mafuta kilo 1, chumvi gramu 900, hamira kavu gramu 500. Hapo hutoka mikate 180 hivi. Juu ya hayo hutiwa "dawa", yaani improva, poda nyeupe inayouzwa na mchuuzi wa vifaa vya bekari, gramu 150 kwa gunia. Pakiti imeandikwa kwamba ndani mna vitamini C, kiungo cha kuchanganya mafuta na maji, na vimeng'enya, yaani protini zinazokatakata vitu vingine. Vimeng'enya gani, haisemi.

Mzee hana daftari. Huandika ukutani kwa chaki, karibu na swichi ya mashine ya kukandia, na ukuta ule ndio ulionipa kisa kizima. Miezi mingi ilikuwa namba moja tu: 150, 150, 150. Kisha ukaja mstari wa kulala, alama yake ya kuanza magunia mapya kutoka kinu kile kile, yenye nembo ile ile. Hiyo ndiyo nitakayoiita shehena ya pili. Chini ya mstari: 150 mara mbili, 300 mara tatu, halafu 450 wiki nzima na siku mbili. Kisha mstari mwingine, shehena ya tatu: 450 mara mbili, na baada yake alama ya msalaba.

Nikamwomba aniambie kila namba ilikuwa na hadithi gani. Shehena ya pili ilipoingia, kinyunga kilikaza. Ukikivuta kinarudi, ukikikunja kuingia kalibu kinakunjuka. Boflo zilitoka fupi, pungufu ya kimo chake cha kawaida kwa vidole viwili, na wenye maduka wakaanza kuuliza kama mkate umepunguzwa ili bei isipande. Mzee akaongeza lita moja ya maji. Kinyunga kililowa nje na kubaki kigumu ndani, kwa hiyo akarudi kwenye 29. Akaongeza dawa maradufu, isisaidie chochote. Akaongeza mara tatu, na hapo, kwa maneno yake, "unga ukatii." Mikate ikarudi kimo chake.

Shehena ya tatu ikafika wiki mbili kabla ya Ramadhani, wakati bekari imeshaahidi mikate kwa kila mtu. Mzee alitia 450 kama alivyozoea. Kinyunga kilitoka kwenye mashine kikiwa sawa, kisha katika nusu saa ya kupumzika kikaanza kutambaa. Kikashika meza, kikashika mikono, kikamwagika kwenye kalibu badala ya kusimama. Gunia la pili alilikanda akidhani amekosea maji. Mikate 360 ikaishia kwa wafuga kuku. Mama akamkata mzee nusu ya hasara. Hilo sikuambiwa siku ya kwanza.

Tuliowashuku

Kila mmoja alikuwa na mshukiwa wake. Mama alishuku joto, maana kaskazi ilikuwa inaishia na chumba cha kukandia kilikuwa na nyuzi 31 saa kumi alfajiri. Joto huharakisha hamira na kulegeza kinyunga, ni kweli. Lakini joto lile lile lilikuwapo wiki iliyotangulia, kinyunga kilipokuwa kigumu kama kiatu.

Kijana wa mashine alishuku maji. Bekari hutumia maji ya mfereji yakiwapo, na yasipokuwapo hununua ya kisima yaletwayo kwa mkokoteni, na visima vingi vya kisiwani vina chumvichumvi. Chumvi hukaza kinyunga, kwa hiyo mtu anaweza kutunga hadithi nzuri hapo. Nilikanda vinyunga viwili vya shehena ya tatu, kimoja kwa maji ya kisima na kingine kwa maji ya chupa. Vyote viwili vilitambaa. Hamira nayo ilijisafisha yenyewe: mahamri yaliyokandwa kwa pakiti ile ile, unga wa dukani, yaliumuka vizuri kabisa.

Mshukiwa wa maana alikuwa ngano iliyoota. Mvua ikikuta ngano shambani imekomaa, punje huanza kuchipua ndani ya suke na kujaza amilesi, kimeng'enya kinachokata wanga kuwa sukari. Mkate wa unga kama huo huwa na ndani yenye gundi na mapango, sawasawa na ule niliowekewa mezani. Kinu hukipima kimeng'enya hiki kwa namba ya kuanguka, kipimo kilichobuniwa Sweden: unga na maji hutiwa ndani ya mrija, mrija hutumbukizwa kwenye maji yanayochemka, kisha kijiti huachiwa kizame ndani ya uji huo na sekunde zinahesabiwa. Unga wa ngano iliyoota uji wake ni mwepesi, kijiti huzama upesi, pengine chini ya sekunde 200. Mama alikuwa na karatasi za kinu. Shehena ya pili: sekunde 372, protini asilimia 11.8. Shehena ya tatu: sekunde 365, protini 11.9. Niliosha gluteni, ile protini inayonata ya unga, ya zote mbili mwenyewe bombani, gramu 100 za unga kila moja. Nikabaki na gramu 31 za gluteni ya shehena ya pili na gramu 30 za ya tatu. Kwa karatasi na kwa mkono, hizi zilikuwa pacha.

Mzee aliposikia hivyo alikasirika. Kwake ilikuwa kama namwambia anaota. Kinu hakikuwa kimedanganya, wala yeye. Karatasi ile haina mstari wa kitu kilichokuwa kinamsumbua, na sijaona karatasi ya kinu chetu chochote yenye mstari huo.

Kigae na futi ya cherehani

Kutoka kazi yangu ya zamani nilikuwa nimebakiwa na vichupa viwili: kimoja cha amilesi ya kuvu peke yake, kingine cha zailanesi ya bakteria peke yake, kimeng'enya kinachokata nyuzi za kuta za seli za punje. Improva nyingi huvichanganya vyote viwili, ndiyo maana ukiongeza dawa hujui umeongeza nini.

Njia ilikuwa ya kijinga kwa makusudi, ili mzee aweze kuirudia bila mimi. Gramu 100 za kinyunga bila hamira, likatengenezwa donge la mviringo, likawekwa juu ya kigae cha sakafuni kilichopakwa mafuta kidogo, likafunikwa kwa bakuli, likaachwa saa moja. Kisha tunafunua na kupima upana wake kwa futi ya fundi cherehani. Kinyunga chenye nguvu husimama. Kilicholegea hutandaa kama samli juani.

Bila kitu, donge la shehena ya pili lilikuwa sentimita 8, la tatu 8 na nusu. Kwa amilesi peke yake, yote mawili yaliongezeka nusu sentimita, basi. Halafu zailanesi. Kwa kipimo kimoja, shehena ya pili ilibaki 8 kana kwamba sikutia kitu. Ya tatu ilifika 11. Kwa vipimo vitatu, ya pili ilifika 10, kinyunga laini cha kupendeza. Ya tatu ilikwenda 14, na ukingo wake uling'aa maji.

Mzee aliinama akakigusa kile kigae cha mwisho kwa ncha ya kidole, akainuka. "Dawa ni moja," akasema, "lakini huyu amekula na huyu hakula."

Sikuongeza neno.

Ilibaki kujua mla dawa ni nani, na hapa ndipo ninapojivunia kidogo. Nilichukua gramu 300 za unga wa shehena ya pili, nikazitikisa nusu saa ndani ya mililita 900 za maji baridi, nikaziacha zitulie kwenye friji, nikachuja maji ya juu. Kifumbu cha tui kilikuwa kinaning'inia pale pale lakini matundu yake ni makubwa mno. Tulitumia kipande cha shuka jeupe kilichokunjwa mara nne. Maji yale nikayagawa mara mbili. Nusu niliiacha mbichi. Nusu niliichemsha nusu saa, nikafidia maji yaliyopotea kwa mvuke, nikachuja ute mweupe uliogandana. Kisha nikakanda unga wa shehena ya tatu, ule unaotambaa, kwa vipimo vitatu vya zailanesi, ila badala ya maji ya bomba nikatumia maji haya, zailanesi ikiwa imelowekwa humo robo saa kwanza.

Kwa maji ya bomba, sentimita 14. Kwa maji mabichi ya shehena ya pili, 9 na nusu. Kwa maji yaliyochemshwa ya shehena hiyo hiyo, 13. Na kwa maji mabichi yaliyotoka shehena ya tatu yenyewe, 12 na nusu.

Yaani kulikuwa na kitu ndani ya unga wa pili ambacho huyeyuka kwenye maji baridi, huishika zailanesi ikashindwa kufanya kazi, na kwa sehemu kubwa hufa kwa kuchemshwa. Kitu cha namna hiyo ni protini. Na unga wa tatu ulikuwa nacho pia, ila kidogo.

Hatamu za ngano

Tuanze na zailanesi hutafuta nini. Katika kuta za seli za punje ya ngano mna nyuzi za sukari ziitwazo arabinozailani. Katika unga mweupe hazizidi asilimia 2 au zaidi kidogo, lakini ni walevi wa maji: uzito wao mdogo ule unaweza kushika karibu robo ya maji yote ya kinyunga. Sehemu yao huyeyuka, sehemu kubwa haiyeyuki. Zile zisizoyeyuka ndizo kero. Hukaa katikati ya gluteni kama changarawe ndani ya wavu, hunyang'anya maji, na kinyunga hukaza. Zailanesi kidogo huzikata vipande virefu vinavyoyeyuka. Maji hurudi kwa gluteni, utando unanyooka, gesi inashikwa, mkate unapanda. Zailanesi ikizidi, vipande hukatwakatwa vikawa vifupi mno visiweze kushika chochote. Maji yote hurudi kwa mkupuo na kinyunga kinalia machozi juu ya meza.

Sasa, ngano haikuumbwa kwa ajili ya waokaji. Punje ni mbegu, na kuvu wanaotaka kuila, kama Fusarium, huanza kwa kutoboa kuta zake kwa zailanesi zao wenyewe. Mmea umejibu kwa kutengeneza protini za kuzishika zailanesi hizo, nao ni werevu kiasi kwamba vizuizi hivi haviigusi zailanesi ya ngano yenyewe. Watafiti wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, ndio waliokitambua kizuizi cha kwanza cha aina hii katika miaka ya 1990, kikaitwa TAXI kwa herufi za mwanzo za jina lake refu. Mwaka 1999 kundi la Norwich, Uingereza, likaeleza cha pili, XIP. TAXI hufanya kazi kwa ujanja wa kitasa: huingiza asidi amino moja, histidini, ndani kabisa ya ufa ambamo zailanesi hukatia nyuzi, na kimeng'enya hubaki kimebana kitu kisichokatika. Zailanesi ya bakteria Bacillus subtilis, kama ile ya kichupa changu, hushikwa na TAXI na kuachwa na XIP. Zailanesi za kuvu hutofautiana. Nyingi huangukia mikononi mwa XIP, nyingine kwa wote wawili.

Mwokaji wetu anaiweka zailanesi ya kiwandani kwenye unga, na ngano haijui tofauti ya mwokaji na kuvu. Inashika.

Kiasi cha vizuizi hivi hubadilika sana kwa aina ya mbegu na kwa msimu. Kenya hulima ngano Narok, Nakuru na Uasin Gishu, lakini sehemu kubwa tunayokula huagizwa, na ngano ya vinu vya Mombasa hushuka Kilindini kutoka nchi hii mwezi huu na nchi ile mwezi ujao, kwa kufuata bei. Msagaji mzuri huchanganya ngano hizo mpaka protini na namba ya kuanguka zilingane na za jana. Vizuizi havimo katika hesabu yake. Kwa hiyo magunia pacha kwa karatasi yanaweza kuwa mbalimbali kabisa kwa jambo hili, wala hakuna aliyeiba wala aliyelala kazini.

Lililomtatiza mzee zaidi ni ile 300. Kama 150 haikutosha na 450 ilitosha, mbona 300 haikuonyesha hata nusu ya faida? Nilimweleza kwa daftari la dukani. Ukiwa unadaiwa shilingi 800 ukapeleka 300, mwenye duka anafuta 300 na hupewi hata kibiriti. Peleka 600, bado hupewi kitu. Peleka 900, ndipo unatoka na sukari ya mia. Kizuizi na kimeng'enya hushikana mmoja kwa mmoja, na hushikana kwa nguvu, kwa hiyo dawa yote ya mwanzo huenda kulipa deni la unga. Kinachofanya kazi ni kilichobaki. Shehena ya pili ilikuwa na deni kubwa. Ya tatu ilikuwa na deni la mia, na yeye akaenda na 900 mkononi; za sukari zilibaki 800, na ndizo zilizomwagika mezani. (Kwa kweli mpaka hauko mkali hivyo, kushikana kwa protini kuna kulegealegea kwake. Lakini kwa kazi ya bekari hesabu hii inatosha.)

Mama, aliyekuwa akisikiliza kutoka mlangoni, aliuliza swali lililokuwa bora kuliko maelezo yangu yote: "Na kile kingine, amilesi, mbona hakikuliwa?"

Vizuizi vya amilesi vimo pia ndani ya ngano, tena kwa wingi zaidi, na vilijulikana mapema zaidi. Kneen na Sandstedt wa Nebraska, Marekani, walivieleza mwaka 1943. Vinavyojulikana sana vina majina ya ajabu, 0.19, 0.28 na 0.53, ambayo ni mwendo wao tu kwenye kipimo cha umeme ukilinganishwa na rangi fulani. Hivi vimelenga wadudu: fukusi akitafuna punje, amilesi ya tumbo lake inashikwa asimeng'enye wanga. Amilesi ya mate yetu nayo hushikwa. Lakini amilesi ya kuvu Aspergillus, ambayo ndiyo hutiwa kwenye unga na improva, hawaijui, na hupita mlango wazi. Ndiyo maana magunia yote mawili yaliitikia amilesi sawasawa. Kipo kingine tena kinachoshika amilesi ya ngano yenyewe pale punje inapoanza kuota, lakini kwa sekunde 365 hakikuwa na cha kushika.

Kuna mawili yanayoweza kulaumiwa katika majaribio yangu, na afadhali niyataje mimi. Kwanza, zailanesi yangu ilikuwa ya bakteria na ya kwenye pakiti haikujulikana asili yake. Nilirudia vigae kwa dawa yenyewe ya pakiti, gramu 3 na gramu 9 kwa kilo, na mpangilio ukawa ule ule, ingawa tofauti zilikuwa ndogo zaidi. Pili, kuchemsha si hakimu kamili. Kipo kizuizi cha tatu cha zailanesi kinachostahimili maji ya kuchemka muda mrefu. Pengine ndiyo sababu maji yaliyochemshwa yalinipa 13 badala ya 14. Pengine ni futi tu.

Tulivyofanya

Kwanza tuliokoa unga uliokuwapo. Kulikuwa na magunia saba ya shehena ya pili yaliyobaki nyuma ya mlango, ambayo mama alikuwa tayari kuyauza kwa wapika chapati, na ishirini na mbili ya tatu. Tulichanganya gunia moja la pili kwa matatu ya tatu. Deni la mmoja likagawiwa kwa wote. Kwa mchanganyiko huo gramu 150 za zamani zilitosha, na mkate wa kwanza ulitoka tanurini saa tisa usiku ukiwa na kimo chake na ganda la rangi ya karafuu mbichi iliyoanza kuiva. Mzee aliuchukua kwa kitambaa, akaugonga chini kwa kiganja, akausikiliza. Hajawahi kuniamini kuliko anavyoliamini sikio lake.

Pili, mchuuzi wa dawa alibanwa. Swali lilikuwa moja: zailanesi iliyomo ni ya bakteria au ya kuvu, na je, ni ile iliyotengenezwa isishikwe na vizuizi vya ngano? Maana zipo, wataalamu wamebadilisha asidi amino chache kwenye zailanesi ya bakteria ili TAXI isipate pa kujishikiza. Zikitumiwa hizo, kipimo ni kidogo na hakiyumbi kwa shehena. Mchuuzi alirudi baada ya siku nne na karatasi iliyosema "ya kuvu", na la pili hakujua maana yake. Nilimwambia mama asinunue kwa kilo 25 tena mpaka mtu ajue.

Tatu, kigae. Magunia mapya yakishuka, kabla ya kufungua la kwanza kwa kazi, hukatwa kilo moja na kufanywa madonge manne: bila dawa, gramu 3 kwa kilo, gramu 6, gramu 9. Saa moja, futi, chaki ukutani. Mzee amejiwekea lake: anataka sentimita 10, na kipimo kinachompa 10 ndicho cha shehena hiyo. Mimi ningesema 9 na nusu mpaka 10 na nusu, lakini mikono ni yake.

Jambo moja lilijitokeza pembeni nalo halikuwa dogo. Kijana wa mashine alikuwa na kikohozi, mafua na macho mekundu kila alfajiri, na Ijumaa, siku yake ya kupumzika, yalikuwa yanapungua. Pumu ya waokaji si jambo jipya. Daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini aliandika juu ya vifua vya waokaji na wasagaji mwaka 1700. Lakini ni karne iliyopita ndipo ilipojulikana kwamba miongoni mwa vinavyoiamsha zaidi ni hivi hivi vizuizi vya amilesi katika vumbi la unga, pamoja na amilesi ya kuvu iliyomo ndani ya improva. Kijana alikuwa akiimwaga dawa kutoka usawa wa kifua, mashine ikizunguka, wingu likimpanda usoni. Sasa dawa huyeyushwa kwenye ndoo ya maji kwanza na mashine huwashwa polepole. Nilimwambia aende hospitali, na amekwenda.

Shehena ya nne ilipokuja niliitwa nikashuhudie, si kwa kazi. Kigae cha gramu 3 kilisoma 9, cha gramu 6 kikasoma 12. Mzee alisimama mbele ya ukuta muda mrefu, chaki mkononi, akaandika 200. Kisha akaniuliza vipi kuhusu mkate wa brauni, maana hoteli moja ya Nyali imeuomba. Nilimwambia huko kuna pumba, na pumba ina arabinozailani nyingi mno na vizuizi vyake pia, kwa hiyo kigae kianze upya kabisa. Akasema, "Basi watasubiri."

Zile pesa alizokatwa, mama alizirudisha siku ile ile ya mchanganyiko wa kwanza, ndani ya bahasha ya hamira, zikiwa zimekunjwa mara mbili. Nilijua kwa sababu mzee alihesabu mbele yangu, akatoa noti moja, akamtuma kijana kahawa tungu na kashata.